Kahama shule, kafungiwa mpira: Hivi hii ni haki?

LEO Simba na Yanga tuwaweke pembeni kidogo, maana hao hata tusipowaandika wataandikwa tu. Leo tuongee mpira wa madenti. Ndiyo, mpira wa shule, ule unaochezwa saa kumi jioni kwenye kiwanja cha vumbi, goli moja limeegemea ukuta wa choo na lingine linatazama genge la mama muuza mihogo.

Kila msimu wa UMISSETA unapokaribia, viwanjani Kinondoni na Temeke kuna maneno mawili yanasikika kuliko hata filimbi ya refa. La kwanza "mamluki", la pili "kijeba".

Mamluki, kwa wale wageni wa mji, ni mchezaji asiye mwanafunzi halali wa shule anayoichezea. Kaletwa wiki mbili kabla ya mashindano, kapewa shati jeupe na daftari moja, na kombe likishachukuliwa anapotea kama moshi wa mishikaki. Kijeba naye ni yule mwenye umri wa kuoa lakini akiulizwa anajibu kwa sauti nzito kwamba ana miaka 16. Wapo waliounganisha vyote viwili. Unamkuta kipa ana ndevu kumshinda mwalimu wa zamu, akidaka penalti mtoto wake anamshangilia pembeni ya uwanja.

Hao mimi siwatetei, na sitawatetea hata mkininunulia chipsi kuku. Ila kuna kundi la tatu ambalo halina jina, na kwa kuwa halina jina linapigwa kwa fimbo ya wale wawili. Ni mwanafunzi halali, umri wake halali, karatasi zake zimekamilika, kosa lake ni moja tu: kahama shule.

DOGO WA MBAGALA

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada. Jina lake naliacha, yeye mwenyewe kaniomba. Alikuwa anakaa Tandale na mama yake, anasoma shule ya kata kule kule Kinondoni, winga wa kulia, mbio kama kafukuzwa na mgambo wa jiji. Kidato cha kwanza na cha pili alikuwa anaanza kwenye kikosi cha shule. Dada akawa ana kiwanja chake Mbagala, kapandisha vyumba viwili, havijapigwa hata plasta. Mwenye nyumba wa Tandale alipopandisha kodi, dada akasema liwalo na liwe, akapakia vitu kwenye kirikuu, wakahamia.

Sasa fikiria. Mtoto atoke Mbagala kila asubuhi aende Tandale, daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Na makonda wetu mnawajua, wakiona sare ya shule wanageuka viziwi. Dogo alijaribu mwezi mmoja. Alikuwa anafika shule saa tatu, anapigwa viboko vya kuchelewa, jioni anafika nyumbani saa mbili usiku. Dada akafuata taratibu zote: barua kwa mkuu wa shule, fomu za uhamisho, mihuri ya maofisa elimu huku na kule. Akapata nafasi shule ya jirani, dakika 15 kwa miguu. Hapo ilikuwa mwezi wa tatu, dogo kaingia kidato cha tatu.

Mwalimu wa michezo wa shule mpya alipomwona akifanya mazoezi, akamweka kikosini siku hiyo hiyo. Yakaja mashindano ya shule za jirani. Mechi ya kwanza dogo akapika mabao mawili. Filimbi ya mwisho haijapoa, wapinzani wakakata rufaa: "Huyu mamluki! Hakuwepo hapa Januari!" Na kweli kanuni za mashindano yale zilisema mchezaji awe amesajiliwa shuleni tangu mwanzo wa mwaka. Hakuna aliyeuliza kwa nini amehama. Hakuna aliyemwita dada. Timu ikanyang'anywa pointi, dogo akafungiwa mpaka mwaka uishe.

Mniulize, mwaka uliofuata je? Mwaka uliofuata ni kidato cha nne, mtihani wa moko, na mama yake keshasema mpira basi mpaka matokeo yatoke. Kwa hiyo dogo katika miaka minne ya sekondari kacheza miwili. Aliponiambia, alisema neno moja tu: "Anko, mimi nilihama nyumba, sikuhama timu." Nikakosa jibu.

TUMSIKILIZE NA ALIYEWEKWA BENCHI

Kabla hamjaanza kulaani waliotunga ile kanuni, subirini kwanza. Sheria haikutoka mbinguni, ilitoka kwenye machungu ya watu.

Chukua mtoto mwingine, wa shule hiyo hiyo ya kata. Kaanza mazoezi kidato cha kwanza. Kafyeka nyasi za uwanja, kabeba ndoo za chokaa, kachanga mia mbili mia mbili za kununua mpira. Kocha kamwambia, "Mwaka huu namba tisa ni yako." Wiki moja kabla ya mashindano linateremka jitu kutoka shule nyingine, lina viatu vya njumu vya kisasa na jezi ya klabu ya mtaani, na mkuu wa shule mwenyewe kalipokea getini. Namba tisa imeondoka. Mtoto wa watu anakaa benchi anashika chupa za maji.

Huyu naye ana haki. Tena nyuma yake iko shule nzima, maana watoto wakishaona kwamba jasho la miaka mitatu linafutwa na mgeni wa siku saba, nani atajitokeza mazoezini mwakani? Kanuni ya kuzuia wahamiaji ilitungwa kwa ajili yake, na lengo lake ni zuri. Shida ni kwamba inatega nyavu moja kwa samaki wa kila aina. Haimtofautishi aliyefuata nyumba ya mama yake na aliyefuatwa na mkuu wa shule mwenye uchu wa kombe.

Na Dar hii yetu, jamani, watu wanahama! Mpangaji wa Mwananyamala leo, kesho yuko Chanika. Bomoabomoa ikipita, mtaa mzima unahamia Kigamboni. Baba akifariki, watoto wanagawanywa kwa mashangazi na mababu. Hata mipaka yenyewe inahama. Zamani jiji lilikuwa na wilaya tatu tu, Kinondoni, Ilala na Temeke. Baadaye Kinondoni ikakatwa ikazaliwa Ubungo, na Temeke ikakatwa ikazaliwa Kigamboni. Mtu wa Kimara alilala Kinondoni akaamka Ubungo bila kusogeza hata kitanda. Ukitunga kanuni inayodhani kila familia imekaa mahali pamoja toka Januari mpaka Desemba, umetunga kanuni ya mji mwingine, siyo huu.

MAKONGO ILITUONYESHA NINI?

Wale waliokuwa wanafunzi miaka ya 1990 wakisikia mjadala huu wanacheka, wanasema, "Nyie hamkuiona Makongo!" Kweli. Shule ya Makongo, inayomilikiwa na jeshi, ilikuwa moto wa kuotea mbali. Mkuu wake, Iddi Kipingu, ambaye wengi tunamfahamu kama Kanali Kipingu na baadaye akawa mwenyekiti wa Baraza la Michezo la Taifa, alikuwa na jicho la kipaji. Vijana wenye mpira mguuni walitafutwa, wakapewa dawati na sare, wakafundishwa na wakachezeshwa. Waliopita pale na kwenda kuvaa jezi za klabu kubwa na Taifa Stars si mmoja wala wawili. Mwenyewe baadaye alianzisha shule Bagamoyo, ile ya Lord Baden Powell.

Kijiweni ukiitaja Makongo ya wakati ule, watu wanagawanyika papo hapo. Wa kwanza atakwambia ilikuwa uonevu: shule moja inakusanya vipaji vya nchi nzima, halafu inapangiwa kucheza na shule ambayo wachezaji wake wamekula ubwabwa wa jana. Wa pili atakujibu kwa hasira: bila Makongo wale vijana wangekuwa wapi? Kumbukeni enzi hizo nafasi za sekondari ya serikali zilikuwa za kugombania kama mkate wa bure. Mtoto wa Mbagala au wa Kigoma aliyefeli darasa la saba kwa alama mbili, mguu wake ndio uliomfungulia mlango wa darasa.

Mimi kwenye hili nasema wote wawili wana hoja. Shule kumchukua mtoto kwa sababu ya kipaji si dhambi. Tunawachukua wenye kipaji cha hesabu tukawapeleka shule maalumu, na hakuna anayewaita mamluki. Swali ni nini kinatokea baada ya kombe. Mtoto akivunjika mguu kidato cha tatu, ada inaendelea kulipwa? Anabaki bwenini? Au anaambiwa mzazi aje kumchukua? Mwenye shule akinijibu hilo kwa maandishi, mimi namvulia kofia na nafunga mdomo.

Majirani zetu wamefika mbali zaidi. Uganda kuna St. Mary's Kitende, shule ya Lawrence Mulindwa aliyewahi kuwa rais wa FUFA na ambaye ndiye mwenye klabu ya Vipers. Kenya kuna Kakamega High, wale Green Commandos, jina lao linatisha mpaka leo. Kule shule inakwenda mpaka fainali za taifa kwa jina lake yenyewe, kwa hiyo kumnyakua mchezaji wa shule jirani ni biashara inayolipa. Hapa kwetu UMISSETA ya taifa ni tofauti. Ikipigwa Mwanza, Mtwara, Tabora au Iringa, zinazokutana ni timu za mikoa. Mchezaji wa Temeke na wa Kinondoni, waliokuwa wanarushiana maneno wiki mbili zilizopita, wanavaa jezi moja ya Dar es Salaam. Mfumo huu ulipunguza sana tamaa ya kuibiana watoto, maana mtoto mzuri akiwa shule yoyote ataonekana tu na kuchukuliwa na mkoa.

SIKU HIZI KUNA DOLA

Ila upepo umegeuka. Mashindano ya kimataifa ya shule yanataka shule, hayataki mkoa. Michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, shule inakwenda kama shule. Halafu wakaja CAF na mashindano yao ya shule za Afrika, ambayo zawadi zake zimemwagwa na mfuko wa familia ya Motsepe. Mwaka 2023 kule Durban, Afrika Kusini, mabinti wa Fountain Gate ya Dodoma walibeba ubingwa wa Afrika wa wasichana. Zawadi ya bingwa: dola 300,000. Narudia, dola laki tatu! Fedha hizo ni kwa ajili ya maendeleo ya shule, siyo za kugawana mfukoni, na mabinti wale walituletea heshima ambayo kaka zao wengi hawajatuletea.

Lakini wewe mtu mzima, hebu piga hesabu. Zamani zawadi ilikuwa kikombe cha bati, seti ya jezi na picha na mkuu wa wilaya. Kwa zawadi hiyo watu waliiba wachezaji na kughushi umri. Sasa kwa dola laki tatu watafanya nini? Ndiyo maana nasema mjadala wa uhamisho siyo wa kusubiri. Kanuni nzuri itungwe sasa, kabla madalali hawajahamia shuleni na kuanza kukaa nje ya geti kama bodaboda.

VIJEBA WALITUPONZA, WAKATUBEBA PIA

Wanaosema "waacheni watoto wacheze, makaratasi ya nini" nawakumbusha mwaka 2005. Serengeti Boys walikuwa wamefuzu kwenda Gambia, fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17. Nchi nzima ikafurahi. Lakini wapi! Tukaenguliwa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri, nafasi wakapewa Zimbabwe. Mchezaji mmoja, na kikosi kizima kikabaki Dar kinaangalia mechi kwenye televisheni. Wale wengine waliokuwa na umri halali walikosa nini? Walikosa kila kitu, maana chini ya miaka 17 hairudi mara mbili.

Mwaka 2017 gurudumu likazunguka. Congo Brazzaville walikuwa wametutoa, tukawakatia rufaa juu ya umri wa mchezaji wao, CAF wakataka apimwe, hakufikishwa kwenye vipimo. Congo nje, Serengeti Boys ndani, safari ya Gabon. Na mwaka 2019 fainali hizo zikachezwa hapa hapa Dar es Salaam. Guinea walimaliza wa pili, lakini ikabainika kwamba wachezaji wawili waliwahi kuandikishwa kwa mwaka mwingine wa kuzaliwa katika mashindano ya Japan. Wakafutwa, nafasi yao ya Kombe la Dunia ikaenda Senegal.

Nimeeleza haya kwa sababu moja. Karatasi zina maana. Ila tazameni: katika kesi zote tatu aliyeumia zaidi ni mtoto, na aliyeandika tarehe ya uongo mara nyingi ni mtu mzima mwenye mvi na mhuri.

WAKUBWA WANA MAWAKILI, WATOTO WANA MAMA

Sasa linganisheni na wakubwa. Mchezaji wa Ligi Kuu ana dirisha la usajili, ana mkataba, ana meneja, na mambo yakiharibika ana wakili. Feisal Salum, Fei Toto, alipotaka kuondoka Yanga Desemba 2022, nchi ilisimama miezi. Kamati za TFF zikakaa, mashabiki wakagawanyika, mpaka Juni 2023 Rais Samia mwenyewe, akiwa na Yanga Ikulu, akaliongelea suala hilo na kutaka limalizwe. Likamalizwa, Fei akatua Azam. Safi kabisa.

Na denti wa kidato cha tatu aliyefungiwa? Ana mama yake na khanga yake, basi. Mama akienda shuleni anaambiwa "subiri mwalimu yuko darasani", akirudi kesho anaambiwa "kamati imeshakaa." Kamati ipi, ilikaa wapi, nani alimtetea mtoto, hakuna anayejua.

FIFA wao walishaliona hili siku nyingi. Kifungu cha 19 cha kanuni zao za uhamisho kinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Lakini kina milango, na mmojawapo ndio huu ninaoulilia mimi: wazazi wakihama kwa sababu zisizohusu mpira, mtoto anaruhusiwa kucheza. Kwa hiyo wanauliza sababu. Na anayevunja, klabu ndiyo inachapwa. Barcelona waliadhibiwa mwaka 2014 wasisajili kwa madirisha mawili, Real Madrid na Atletico Madrid wakafuata 2016, Chelsea 2019. Hata huko watoto hawakupona kabisa. Lee Seung-woo, Mkorea aliyekuwa Barcelona, ilibidi akae nje mpaka alipotimiza miaka 18 Januari 2016. Lakini angalau wenye pesa nao walilia.

Marekani nako, ambako michezo ya shule ni dini, majimbo mengi yana utaratibu wa namna hiyo kwa sekondari: familia ikihama nyumba, mtoto anacheza. Mtoto akihama shule huku nyumba iko pale pale, anakaa nje kwa muda kwanza. Vyuoni ndiko walikokuwa wakali zaidi, mchezaji wa mpira wa kikapu akihama chuo anakaa mwaka mzima. Mwaka 2021 wakalegeza, wakaruhusu uhamisho mmoja bila kukaa nje, na 2024 wakafungua mlango wote kwa anayefaulu masomo yake. Leo wengine wanalalamika kwamba vyuo vimekuwa stendi ya mabasi, mtu anashuka huku anapanda kule. Kwa hiyo kufunga kabisa kuna maumivu, na kufungua kabisa kuna vurugu.

DADA ZETU JE?

Kuna kundi lingine watu hawalikumbuki kwa sababu kwenye vijiwe tunaongea mpira wa wavulana tu. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Hatua kubwa. Sasa msichana kama huyo akirudi, mara nyingi hataki kurudi shule ile ile ambako kila anayepita anamnong'ona. Anaomba uhamisho. Umri umesogea mwaka mmoja au miwili. Tuseme alikuwa mfungaji hatari wa netiboli.

Mnaona mtego wake? Kwa macho ya kanuni za kukariri, huyu ni mamluki na kijeba kwa wakati mmoja. Kahama, na umri umemzidi. Kumbe ni mtoto anayejaribu kusimama upya, na pengine ile saa moja ya netiboli jioni ndiyo inayomfanya asikate tamaa ya kuamka asubuhi. Suala la umri lina ugumu wake, siwezi kusema mtu wa miaka 20 acheze na wa 14. Lakini kumfungia kwa sababu ya kuhama, hapo mimi nagoma.

MIMI NAPENDEKEZA HIVI

Kulalamika ni rahisi, kila mtu anaweza. Hebu niweke ya kwangu mezani, nyie mtaongeza chumvi.

Kwanza, iulizwe sababu. Aliyehama kwa sababu nyumba imehama, mzazi kafariki, mlezi kabadilika, au shule iko mbali kupita kiasi, acheze mara moja. Uthibitisho si mgumu, serikali ya mtaa ipo, mjumbe yupo na anajua hata nani kahama usiku bila kulipa kodi. Uhamisho wenyewe una mihuri, na siku hizi kila mwanafunzi ana namba yake ya PReM inayomfuata tangu shule ya msingi. Ukitaka kujua alikuwa wapi mwaka jana, huna haja ya kumpigia mganga ramli.

Pili, aliyehama bila sababu za namna hiyo, tuseme kafuata timu, asifungiwe mwaka. Akae nje kwa muda unaojulikana, kwa mfano mashindano mamoja, huku akiruhusiwa kufanya mazoezi na wenzake. Hapo yule wa benchi naye kapata nafasi yake ya haki, na mhamiaji kapata muda wa kuonyesha kwamba kaja kusoma pia. Sekondari ni miaka minne tu, ukimkata mtoto mwaka mmoja umemkata robo.

Tatu, majina yabandikwe ukutani mapema. Kila shule itoe orodha yake wiki mbili kabla, na picha juu. Mwenye pingamizi aseme hapo hapo. Hii tabia ya kumwona mtu anacheza, ukinyamaza ukidhani utashinda, ukifungwa mbili ndiyo unakumbuka kwamba ni mamluki, ikomeshwe. Pingamizi baada ya filimbi lipokewe tu kama kuna karatasi ya kughushi.

Nne, mtoto asikilizwe, na mzazi wake awepo. Dakika kumi zinatosha.

Tano, na hii wakuu wa shule hamtaipenda: fimbo iende kwa aliyeshika kalamu. Fomu ya mchezaji haijisaini yenyewe. Mkuu wa shule au mwalimu wa michezo aliyemwingiza mamluki kwa makusudi ndiye afungiwe miaka, siyo denti wa watu aliyeahidiwa ada na viatu. Tukianza hivyo, mamluki watapungua kabla hata hatujawatafuta.

Sita, ufadhili wa vipaji uwe wa wazi. Shule inayotaka kumchukua mtoto kwa sababu ya mpira, iandikiane na mzazi: ada mpaka kidato cha nne, hata akiumia, hata akipoteza namba. Shule yake ya kwanza nayo ipewe barua ya shukrani na mipira miwili, mitatu. Mnacheka? Klabu zinazomkuza mchezaji akiwa kati ya miaka 12 na 23 zina fungu lao FIFA anapouzwa kimataifa. Mwalimu wa shule ya kata aliyemfundisha mtoto kukata krosi anaambulia asante, na mara nyingi hata hiyo haiji.

TUSISAHAU TULIKOTOKA

Kuna watakaosema haya ni mambo madogo, watoto wasome kwanza. Hoja hiyo tuliwahi kuisikia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za Waziri wa Elimu Joseph Mungai, mashindano ya shule yalisimamishwa ili watoto wasome. Viwanja vikaota majani, vingine vikajengwa madarasa, na kizazi kizima kikamaliza shule bila kuvaa jezi yenye jina la shule yake. Utawala wa Kikwete ndio ulioyarudisha, na mpaka leo walimu wa michezo wanakwambia pengo lile halijazibwa. Tunajua mwaka bila michezo unafananaje, kwa hiyo tusimpe adhabu hiyo mtoto mmoja mmoja kwa kosa ambalo si lake.

Na kwa wenzangu wa Temeke nasema hivi: Mbagala ndiko alikokulia Mbwana Samatta, aliyeanzia Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon, akapita Simba na TP Mazembe mpaka Genk mwaka 2016 na Aston Villa 2020. Katika mtaa kama ule, kipaji kinachofuata kinaweza kuwa sasa hivi kiko ndani ya kirikuu, kimekaa juu ya godoro, kinahama na mama yake.

Wewe msomaji unasemaje? Mzazi, denti, mwalimu wa zoezi, hata wewe refa wa mchangani unayelipwa soda: kanuni ya shule yenu inasemaje kwa mtoto aliyehama? Mmewahi kuisoma, au mnaikumbuka siku mkifungwa tu? Andikeni, barua tutazichapa hapa hapa. Na kamati za UMISSETA za wilaya, kikao chenu cha kupitia fomu kikikaribia, mwiteni mama mmoja aliyehama Tandale aje awaeleze ilivyokuwa. Ana dakika kumi tu, halafu anawahi genge lake.